Tanga Haimo Kitabuni, Lakini Kitabu ni cha Tanga

Bibi yangu mzaa baba hakujua kusoma herufi za Kizungu. Alisoma za Kiarabu. Msahafu aliuhitimu akiwa msichana, na barua alizoandikiana na dadake wa Pangani zilikuwa kwa herufi hizo hizo. Kwa hiyo kitabu cha Shaaban Robert, Adili na Nduguze, kilichokaa juu ya kabati chumbani kwake kilikuwa mali yake, lakini msomaji nilikuwa mimi.

Kitabu chenyewe hakikuwa na jalada. Babu alikinunua zamani, enzi akipakia mkonge bandarini, na kilipomfikia bibi kilikuwa kimeshapita mikono mingi, kurasa za mwanzo zimekunjika pembe na moja imeshonwa kwa uzi mweusi. Naam, imeshonwa, kwa sindano, kama nguo. Ukurasa ule ulipochanika bibi hakutaka gundi, alisema gundi huita mende.

Baada ya isha tulikaa barazani kwetu Ngamiani. Ilikuwa miaka ya 1980 na umeme ulikatika tulivyozoea, basi chemli iliwekwa karibu na kigoda changu. Bibi alikaa mkekani, miguu ameinyoosha, fungu la miyaa iliyoloweshwa liko ubavuni, ukili unarefuka mikononi mwake na kujikunja mapajani kama nyoka mvivu.

"Haya, mume wangu, nisomee. Tuliachia wapi?"

Alijua vizuri tulipoachia. Aliuliza ili nianze.

Nilijifunza kuisoma hadithi kwa kutazama ule ukili. Mambo yakiwa shwari, vidole vilikwenda mbio, jani juu, jani chini, bila hata kuvitazama. Tukikaribia mahali pazito vilipunguza mwendo. Na tulipofika kwenye mjeledi, kila mara, hata mara ya ishirini, vidole vilisimama kabisa, jani moja amelishika kwa meno.

Kwa ambaye hakukisoma, au alikisoma shuleni kwa ajili ya mtihani kikatoka kichwani, mjeledi ni huu. Mfalme Rai wa Ughaibu anamtuma mjumbe wake, Ikibali, kwenda Janibu kudai kodi. Liwali wa huko ni Adili, mtu mwema, mkarimu, mwenye sifa njema kwa kila anayemjua. Ikibali analala kwake kama mgeni. Usiku anamwona mwenyeji wake anaamka, anachukua mjeledi, anakwenda kwenye chumba walimofungwa manyani wawili, na anawachapa. Akimaliza kuwachapa, mtu yule yule anawafuta machozi na kuwalisha kwa huruma. Usiku wa pili hivyo hivyo. Habari zinafika kwa Rai, Adili anaitwa aje na manyani wake ajieleze, na ndipo tunapoambiwa kuwa manyani wale ni ndugu zake wa tumbo moja, Hasidi na Mwivu.

Hebu fikiri unamsomea mtoto wa miaka 9 jambo hilo, usiku, kwa taa ya mafuta. Mtu mwema anapiga. Anapiga na analia. Mpaka leo sijakutana na picha nyingine katika vitabu vya Kiswahili vya watoto iliyonikaa kifuani namna hii. Vitabu vingine vilinipa sungura mjanja na fisi mlafi, nikacheka, nikalala. Hiki kilinifanya niulize swali ambalo sikuwa na maneno yake: inakuwaje mtu anayekupenda akalazimika kukuumiza, na yeye anaumia vipi?

Bibi hakunijibu. Aliliondoa jani mdomoni akasema, "Endelea."

*

Nataka kusema kidogo kuhusu jina la kitabu, maana kwangu lina kisa.

Nduguze. Ndugu zake. Nyumbani kwetu hivyo ndivyo wazee walivyosema bila kujikaza: mkewe, mwanawe, mamaye, nduguze. Bibi hakuwa akijipamba, ndicho Kiswahili alichonyonya. Shuleni niliandika insha kuhusu mtoto aliyempoteza "mamaye" sokoni. Mwalimu wetu, aliyekuwa ametoka mbali na pwani, alilipiga neno lile mstari mwekundu na juu yake akaandika "mama yake". Pembeni akaongeza: tumia Kiswahili sanifu.

Nilirudi nyumbani na daftari nimelifumbata. Bibi aliniomba nimwonyeshe neno lenyewe liko wapi. Alikitazama kile kistari chekundu kwa muda, akakigusa kwa kidole. Kisha akaniambia nilete kitabu kutoka kabatini, nimwonyeshe lilipoandikwa jina lake ndani. Nikamwonyesha. "Hili nalo wamelipiga mstari?" Nikasema hapana. "Basi lako lina mwenziwe."

Sikumwelewa siku ile kama ninavyomwelewa sasa. Yeye asiyesoma herufi zile alikuwa ameona ushahidi kwamba lugha ya uani kwake, ya mekoni, ya kuitana na kuagana, ilikuwa imechapwa London na kampuni ya Macmillan mwaka 1952, ikavuka bahari, ikarudi Tanga ikiwa na heshima ya kitabu. Na aliyeipeleka huko alikuwa mtu wa njia ya Pangani, mwendo wa saa chache kwa miguu kutoka barazani kwetu.

*

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, Machui, kiasi cha kilomita 10 kusini mwa mji wa Tanga. Mwaka 1922 alipelekwa Dar es Salaam kusoma, akamaliza 1926, na tangu hapo akawa karani wa serikali ya kikoloni. Sehemu kubwa ya ujana wake aliitumia katika idara ya forodha, Pangani. Kuanzia 1946 alikuwa katika ofisi ya wilaya hapa Tanga, na 1952 akahamia ofisi ya upimaji ardhi. Alifariki Juni 1962, akiwa na miaka 53, miezi 6 tu baada ya Tanganyika kupata uhuru. Akarudishwa Machui kuzikwa.

Watu wengi wanamjua kwa mashairi, kwa titi la mama, kwa Kusadikika iliyotoka 1951, kwa jina lake lililobandikwa mtaa na shule kule Dar es Salaam. Wakubwa wanamsoma kama mwanafalsafa. Mimi namjua kwanza kama karani, na naona ukarani wake umo ndani ya Adili na Nduguze kuliko watu wanavyosema.

Angalia hadithi inapoanzia. Hadithi ya majini, ya mji uliogeuka mawe, ya watu waliogeuzwa wanyama, inafunguliwa na nini? Kodi. Mjumbe ametumwa kudai fedha ya serikali. Mtu aliyekaa miaka mingi kwenye meza ya forodha, anaandika mzigo huu ni wa nani na umelipiwa nini, alijua kwamba mambo ya ajabu ya watu hugunduliwa na mtu wa kodi. Ni yeye anayeingia kwenye nyumba za watu bila kualikwa na mapenzi. Ikibali alikwenda kuchukua fedha, akaona machozi.

Tena tazama mali inavyokwenda ndani ya kitabu. Baba anakufa, urithi unagawanywa, ndugu wawili wanapoteza fungu lao, Adili anashughulika na biashara yake, kisha jahazi, safari, maji ya kunywa. Mtoto wa Tanga hahitaji kuelezwa hata kimoja. Tulikulia kwenye mji ambao bandari ndiyo mama. Honi ya meli tuliisikia tukiwa darasani. Watu waliondoka na bidhaa wakarudi na madeni, na madeni yale yalizungumzwa barazani kwa sauti ya chini wakati watoto tukijifanya tumelala.

Ughaibu haimo kwenye ramani, na Janibu pia haimo. Tanga haikutajwa hata mara moja. Bado niliposoma habari za bandari ya Janibu niliiona ya kwetu, na kisiwa cha Toten kule mbele na mitumbwi imelala ubavu maji yakipwa.

*

Ukubwani, nikiwa mbali na nyumbani, niligundua jambo lililonifanya niwe macho mpaka alfajiri. Hadithi hii ina mzazi. Katika Alfu Lela Ulela kuna kisa cha Abdullah bin Fadhil, liwali wa Basra, na ndugu zake wawili. Kodi ipo. Mjumbe yupo. Kipigo cha usiku kipo, mji wa mawe upo, jini la kike lipo, na ndugu wanaomtupa mwenzao baharini wapo. Waliogeuzwa ni mbwa.

Kwanza nilihuzunika. Nilijiona kama mtu aliyeambiwa kwamba kanga ya mamaye ilishonwa kwingine. Nikakaa nazo hadithi mbili ubavu kwa ubavu, nikazisoma usiku kucha, na huzuni ikaondoka yenyewe. Kwanza, mbwa wamekuwa manyani, na hilo ni jicho la mtu wa huku: mbwa nyumba nyingi za pwani hazimlazi ndani, lakini nyani kila mwenye shamba la mahindi anamjua sura, anajua anavyokutazama kama mtu aliyekasirika. Kumwona ndugu yako ndani ya macho ya nyani hakuhitaji kujilazimisha.

Pili, majina. Wale wa Basra wana majina ya watu. Wa Shaaban Robert wana majina ya tabia: Hasidi, Mwivu, Mwelekevu, na Huria, ambaye ndiye jini la kike. Wakubwa wengine hili huwachosha, wanaona limekaa kama somo. Kwa mtoto ni kinyume. Mtaani kwetu tuliitana kwa majina hayo. Aliyemnyima mwenzie kashata aliitwa Mwivu mpaka jioni, na alilia, kwa sababu alijua Mwivu alifanywa nini.

Tatu, na hili ndilo lililonikesha, ni mwisho. Katika kisa cha Basra, ndugu wale wanaombewa, wanarudishiwa ubinadamu wao, kisha wanarudia uovu ule ule, na mwisho wao ni kifo. Karani wa Machui hakuukubali mwisho huo. Kwake Rai anawaombea, Huria na watu wake wanasamehe, manyani wanarudi kuwa watu, na msamaha unasimama. Hakuna mauaji ukurasa wa mwisho. Yaliyobaki ni ndugu watatu ambao sasa lazima waishi pamoja wakijua kila kitu.

Kubadili mbwa kuwa manyani ni ufundi. Kubadili mwisho, naona, ni imani. Huyu ni mtu aliyefiwa na mkewe Amina akabaki na watoto wadogo, akawaandikia tenzi mbili za wasia, Hati ya binti na Adili ya mwanawe wa kiume. Jina lile lile, Adili. Alikuwa ameshalitumia neno hilo kumwambia mwanawe namna ya kuishi, na alipotaka mtu wa kuwasamehe nduguze akalitumia tena. Mtu akisema hadithi ile imeazimwa, namuuliza: na msamaha ameuazima wapi?

*

Kuhusu Mji wa Mawe, sitadai lisilo na ushahidi, kwa kuwa mji ule nao umo katika masimulizi ya zamani. Ila njia ya kutoka Machui kwenda Pangani inapita Tongoni, penye magofu ya kale, na atakayesimama Tongoni jioni atanielewa.

Msikiti umebaki kuta na mihrabu. Makaburi ni 40 hivi, ya mawe ya matumbawe na chokaa, mengi yalikuwa na nguzo na nguzo nyingi zimeanguka. Baadhi yana vishimo vya duara, safi kama vilichongwa jana, ambamo zamani vilipachikwa vibakuli vya kaure. Vibakuli vimekwenda, vishimo vimebaki vinakutazama. Nilipopelekwa mara ya kwanza nilikuwa na miaka 12. Baba alikuwa anazungumza na mlinzi. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya makaburi nikisubiri, kweli kabisa nikisubiri, kwamba binti mmoja atatokea nyuma ya ukuta, mzima peke yake katika mji wa watu waliogeuka mawe, kama Mwelekevu alivyomtokea Adili. Upepo ulikuwa unatoka baharini. Nilisikia majani makavu yakikokotwa juu ya sakafu ya msikiti na nywele zikanisimama.

Shaaban Robert alifanya kazi Pangani na kwao ni Machui, na njia ni hiyo. Kila ninapofika sehemu ile ya kitabu naiona Tongoni, na siwezi kuiona nyingine.

*

Sasa nieleze kwa nini kitabu kile kilikaa kabatini kwa bibi pamoja na msahafu na hati ya nyumba.

Babu aliacha shamba la minazi. Baba mkubwa, akiwa mkubwa wa wanawe, aliuza kipande cha shamba hilo bila kuwashirikisha nduguze. Mambo yalipojulikana, baba alikwenda kumuuliza, wakapandishiana maneno mbele ya watu, na tangu siku hiyo wakawa hawasemezani. Miaka 4. Tulikutana nao msibani na harusini, baba mkubwa upande ule, baba upande huu. Mimi na watoto wake tulicheza mpira pamoja kwa siri.

Ramadhani moja bibi aliwaita wote wawili kufuturu. Kukataa hakukuwezekana, aliyeita ni mama. Walikula sinia moja, mikono inakutana kwenye pweza wa nazi na macho hayakutani. Waliporudi kutoka kuswali tarawehe bibi alikuwa ameshatandika mkeka barazani.

"Kaeni mpumzike. Mume wangu, lete kitabu."

Nilikileta. Nilitaka kuanza tulipoachia, akanizuia. Alitaka niende pale ndugu wawili wanaporudi mikono mitupu kwa Adili. Nikasoma. Bibi alikuwa na ukili wake, na vidole, nakumbuka, havikutulia kabisa usiku ule, vilikuwa vinakwenda kasi mpaka miyaa inalia. Nikasoma safari. Nikasoma Mji wa Mawe. Sikuwa na akili ya kujua kinachoendelea. Nilijali tu kwamba baba ananisikiliza nikisoma bila kukwama. Nikafika usiku wa jahazini, ndugu wawili wanapomwendea mwenzao amelala na kumtupa baharini.

Baba mkubwa alisimama. Akavaa makubazi yake, la kushoto likamsumbua, akainama akalirekebisha taratibu sana, na akaondoka bila kuaga. Tulisikia nyayo zake mpaka kwenye kona.

Nikafunga kitabu. Nilidhani nimekosea kusoma.

Bibi akasema, "Endelea. Hatujafika kwa Rai."

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki nikiamini kwamba bibi alimlenga baba mkubwa na kwamba mshale ulimpata. Nilikuwa na umri wa kuwa baba mwenyewe ndipo nilipokitazama upya. Aliyehitaji kusikia habari za Hasidi na Mwivu alisimama akaondoka. Bibi angeweza kusema basi, tukalale. Lakini alitaka isomwe mpaka mwisho, na aliyebaki mkekani alikuwa baba, aliyedhulumiwa, mwenye haki yote upande wake. Yaliyofuata kitabuni ni kazi ya mwenye haki: kuwachapa nduguze kila usiku kwa amri ya Huria, kulia, na siku ya siku kukubali wafunguliwe. Kurasa zote zile zilikuwa za baba. Kwa mwisho wa Basra, bibi asingekuwa na kitu cha kumsomea mwanawe.

Baba alisikiliza mpaka nikamaliza, saa ya daku ikikaribia. Hakusema neno. Asubuhi ya Idi alinivalisha kanzu, akachukua sinia la vitumbua lililofunikwa kawa, tukatembea mpaka nyumbani kwa baba mkubwa, akabisha hodi. Wakapeana mikono. Wakaulizana hali za watoto. Minazi haikurudi na haikutajwa tena mbele yangu.

*

Nilipokuwa shuleni tulipelekwa Amboni kuona mapango. Tulifundishwa reli iliyoanza kujengwa hapa mwaka 1893, mkonge ulioletwa mwaka huo huo, vita vya Novemba 1914 ambavyo nyuki waliwatimua askari. Yote ni yetu na najivunia yote. Machui hatukupelekwa. Mtu aliyeandika kitabu tulichokuwa tunafanyia mtihani alilazwa umbali wa safari ya baiskeli, na mji wetu ni mji wa baiskeli. Hakuna mwalimu aliyetuambia tupande twende. Hili linaniuma mpaka leo. Mtoto akisoma Adili na Nduguze asubuhi darasani na mchana akasimama Vibambani, akaona mihogo, minazi, vumbi na kuku, atajua kwamba aliyemwota Mfalme Rai alianzia mahali penye vumbi na kuku. Faida ya kujua hilo ukiwa na miaka 10 ni kubwa kuliko alama za mtihani.

Mimi nilikwenda nikiwa mtu mzima, miaka michache iliyopita, baada ya kumzika baba. Niliyekwenda naye ni baba mkubwa.

Yeye ndiye aliyeomba. Amevuka miaka 80, anatembea kwa bakora, macho yake yamefanyiwa upasuaji. Alinipigia simu: "Nimesikia unakwenda kwao Shaaban. Nipitie." Nilimpitia. Njiani hakuzungumza sana, alinionyesha tu mashamba, hili lilikuwa la fulani, hapa palikuwa na kisima. Tulipofika tulisalimia wazee waliokuwa wanakunywa kahawa, shikamoo na marahaba, wakatupa kijana wa kutuongoza. Kaburini baba mkubwa alivua viatu. Tulisoma Fatiha. Aliinama, kwa shida, akaokota majani makavu matatu manne yaliyoangukia hapo akayaweka pembeni, kama mtu anayesafisha meza ya mwenyeji wake.

Tulipotoka tukakaa chini ya mwembe kumsubiri apumue. Kijana alikwenda kututafutia madafu. Baba mkubwa akauliza, "Kile kitabu cha mama kiko wapi siku hizi?"

Nikamwambia ninacho, kimo mkobani. Nilikuwa nimekibeba bila sababu ya maana, nilihisi tu kwamba siku hiyo kinapaswa kufika kwao. Nikakitoa. Alikipokea kwa mikono miwili, akakipapasa ule ukurasa ulioshonwa, uzi mweusi bado uko imara.

"Usiku ule," akasema, "niliondoka kabla hakijaisha."

"Nakumbuka, baba."

"Na sijakisoma mpaka leo. Kiliishaje?"

Miaka zaidi ya 30. Alikuwa ameishi miaka zaidi ya 30 akiwa Hasidi au Mwivu, hajui yupi, na hadithi yake ikikomea jahazini usiku. Baba alipobisha hodi asubuhi ile ya Idi na sinia lake, baba mkubwa hakujua nduguye ametokea ukurasa gani.

Sikumwambia kwa maneno yangu. Nilikifungua nikatafuta mahali tulipoachia, nikaanza kusoma kwa sauti, pale Machui, kuku wakichakura karibu na miguu yetu. Nikasoma Huria alivyomtoa Adili baharini. Nikasoma adhabu. Kijana alirudi na madafu, akasimama kusikiliza, akasahau kutupa. Nikasoma barabara yote ya mateso mpaka mbele ya Rai, Rai akawaombea, manyani wakarudi kuwa watu.

Nilipofika mwisho baba mkubwa alikuwa ameinamia bakora yake, kidevu juu ya mikono. Nilidhani amelala. Akanyoosha kidole akakigonga kitabu mara moja, kwa upole.

"Rudi nyuma kidogo," akasema. "Pale Rai anapowaombea. Soma hapo tena, polepole."